Injini ya Lori Jipya Ikinoki: Namna ya Kuidai Waranti

Waranti ya lori haikuandikwa ili ilipie injini iliyokufa. Iliandikwa kulipia kasoro ya kiwandani: chuma kilichosubuliwa vibaya, nozeli iliyotoka na hitilafu, bolti ambayo haikukazwa inavyotakiwa. Tofauti hiyo imewaliza wenye malori wengi. Mtu anafika kwa wakala aliyemuuzia gari, anasema injini imenoki na gari halina hata mwaka, anadhani amemaliza maneno. Kwa wakala maneno ndiyo kwanza yanaanza, maana yeye ana swali moja tu: imenoki kwa nini? Jibu likiwa kasoro, kiwanda kinalipa. Likiwa vumbi, maji, mafuta machafu, oili iliyopitiliza muda au dereva aliyeiachia injini ilie kwenye mteremko, unalipa wewe.

Na anayetafuta jibu hilo ni nani? Ni wakala yuleyule, kwenye karakana yake, kwa mafundi wake. Sisemi wote ni waongo. Nimeona mawakala waliopigania madai ya mteja mpaka makao makuu ya kiwanda yakakubali, kwa kuwa kiwanda kikikubali wakala naye hulipwa kazi yake. Lakini ripoti inayoandikwa na upande mmoja huelemea upande huo, hata pasipo nia mbaya. Kwa hiyo nitakayokueleza yote yanaelekea mahali pamoja: siku injini itakapofunguliwa, uwe na ushahidi wako mwenyewe kuhusu chanzo.

Pale pale barabarani

Tuseme gari lako limebeba tani zake, limepita Makambako likielekea Tunduma, na dereva anakupigia: "Bosi, gari limepoteza nguvu, limegonga, limezima." Neno lako la kwanza liwe hili: usiwashe tena. Hata kwa kujaribu. Metali za krenki zikishaliwa, kila mzunguko unaongeza uharibifu, na karibu kila kitabu cha waranti kina kifungu kinachokataa kulipia hasara iliyotokana na kuendelea kuendesha baada ya taa ya onyo kuwaka. Kompyuta ya gari huandika lini taa iliwaka na injini ilizunguka muda gani baada ya hapo. Huwezi kubishana nayo.

La pili, asiguse fundi yeyote. Mafundi wa barabarani hufika upesi, na baadhi yao ni hodari kuliko wale wa karakana zenye vioo. Shida si ujuzi wao. Bolti moja ikifunguliwa na mtu asiyeidhinishwa, wakala amepata sababu ya kukurudisha nyumbani, na chanzo halisi hakitathibitika tena. Asimwage oili, asiongeze maji, asichomoe waya, asifute kumbukumbu za kompyuta kwa kile kimashine cha mkononi.

La tatu ni picha. Dereva apige dashibodi kabla hajazima swichi, taa zilizowaka na kilometa zionekane. Kisha dipstiki ya oili baada ya kuifuta na kuirudisha, tangi la maji ya rejeta, uvungu wa gari kama kuna kinachovuja, na hozi yote kutoka ea klina mpaka kwenye tabo, hasa pale zilipo klampu. Baada ya picha, akurekodie sauti kwa WhatsApp aeleze kilichotokea: alisikia mlio gani, moshi ulikuwa mweupe, mweusi au wa bluu, sindano ya joto ilikuwa wapi, alikuwa gia gani, anapanda au anashuka. Maelezo ya saa ileile yenye tarehe ya simu yana uzito ambao barua ya wiki tatu baadaye haiwezi kuwa nao.

Hapa niseme kidogo kuhusu dereva. Wenye magari wengi huanza na matusi: umeniulia gari. Dereva aliyetukanwa huficha. Hatasema kwamba taa iliwaka tangu Mikumi, wala kwamba alinunua dumu mbili za dizeli kwa mtu wa kando ya barabara. Nawe utakwenda kwa wakala ukiwa hujui kilicho kwenye kompyuta ya gari lako, upigwe na ukweli mbele ya watu. Dereva ni shahidi wako mkuu. Mambo ya nidhamu yasubiri.

Simu kwa wakala ipigwe siku hiyohiyo, lakini simu haina kumbukumbu. Fuatisha na barua pepe au ujumbe wenye namba ya gari, namba ya chasisi, kilometa, mahali na saa, na uombe namba ya dai lako. Andika hivi, kwa lugha mliyozoea kuandikiana: "Gari letu limezimika leo. Halijaguswa na fundi yeyote. Tunaomba maelekezo ya kulivuta na kulileta kwenu, na tunaomba injini isifunguliwe kabla hatujakubaliana tarehe ambayo mwakilishi wetu atakuwepo." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Usivute lori kwa pupa. Kwenye malori mengi pampu inayolainisha giaboksi huzungushwa na injini, kwa hiyo magurudumu yakizunguka injini ikiwa imezima, giaboksi inazunguka kavu. Propela shafti ifunguliwe kwanza, au ekseli inayosukuma inyanyuliwe. Gari likivutwa kilometa mia tatu propela ikiwa mahali pake utafika na kesi mbili, na hiyo ya giaboksi hakuna atakayeilipa. Uliza pia kwa maandishi nani analipia bredauni. Waranti nyingi hazilipi, nyingine hulipa mpaka karakana iliyo karibu tu, na jibu hilo ni nafuu kulipata kabla ya winchi kufika.

Kama mzigo ni wa transiti, una lakiri ya forodha. Usiuhamishie kwenye gari jingine, na hata kuleta kichwa kingine kije kivute tela usifanye, kabla maofisa wa forodha wa TRA hawajapewa taarifa na kukubali, maana nyaraka za mzigo zimeandikwa namba ya gari lililokufa. Mwambie wakala wako wa forodha asubuhi hiyohiyo. Kugombana na kiwanda cha magari na forodha kwa wakati mmoja ni balaa ambalo halina haja.

Kabla injini haijafunguliwa

Kufungua injini iliyonoki ni kama uchunguzi wa maiti: hufanyika mara moja, na ambaye hakuwepo atasimuliwa. Kwa hiyo uwepo, na usiwe peke yako. Tafuta mhandisi wa mitambo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Fundi wako wa miaka yote anaweza kujua zaidi, mchukue naye, lakini ripoti yenye muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa ndiyo itakayosomwa na kiwanda, na ikibidi na hakimu. Ada ya mhandisi itakuuma. Mimi, ningelazimika kuchagua kati ya kumlipa mhandisi wiki ya kwanza na kumlipa wakili mwezi wa tatu, ningemlipa mhandisi.

Kabla ya spana kugusa chochote, omba kompyuta ya gari isomwe mbele yako na upewe nakala ya ripoti nzima, si ukurasa mmoja uliochaguliwa. Kisha sampuli. Oili ichukuliwe inapomwagwa, si matone ya kwanza wala ya mwisho bali ya katikati, kwenye chupa safi na kavu. Dizeli itolewe kwenye tangi na kwenye filta. Kila sampuli iwe na chupa mbili, zifungwe, ziandikwe tarehe, kilometa na namba ya gari, pande zote zitie saini, moja ibaki kwao na moja uende nayo. Filta zote za zamani, ya oili, ya dizeli na ya hewa, zisitupwe. Zitiwe kwenye mifuko safi.

Maabara inayopima oili ya injini itakutajia madini yaliyomo, na madini hayo yanasema mengi. Risasi na shaba nyingi ni metali zilizoliwa. Aluminiamu aghalabu ni pistoni, chuma ni laina, ringi au krenki. Sodiamu au potasiamu ikipanda, mara nyingi maji ya rejeta yameingia kwenye oili. Silikoni ndiyo ya kuangaliwa kwa makini, kwa sababu wakala akiiona husema "vumbi" na kufunga faili. Vumbi la barabarani kweli lina silikoni, ila injini mpya huwa nayo hata bila vumbi, kutokana na gundi ya gasketi iliyopakwa kiwandani. Vumbi huja na aluminiamu pia na huacha mikwaruzo kwenye laina. Gundi haifanyi hivyo. Mhandisi wako aulize swali hilo mapema.

Kuna fomu utakayoletewa usaini ili injini ifunguliwe. Isome. Kwa kawaida inasema dai likikataliwa gharama ya kufungua ni yako, na nyingine huongeza kwamba unakubali matokeo ya uchunguzi wao. Sehemu ya kwanza ni ya haki. Ya pili usiisaini. Ikate kwa kalamu, andika pembeni kwamba unaruhusu kufunguliwa tu na una haki ya kuleta ripoti yako, tia saini na tarehe, kisha upige picha.

Hoja watakazokuja nazo

Hoja ninayoiona ikiwashinda wengi ni ya mzunguko kupita kiasi. Injini ya dizeli ina kikomo ambacho kompyuta hulinda kwa kukata mafuta. Lakini kwenye mteremko si mafuta yanayoizungusha, ni magurudumu. Gari linatoka Congo na shaba, linashuka Kitonga kutoka Iringa, dereva anakosa gia au anateremsha gia mapema mno, uzito wote unaisukuma injini ipite kikomo na kompyuta haina la kufanya zaidi ya kuandika. Inaandika kweli: mizunguko mingapi kwa dakika, kwa sekunde ngapi, injini ikiwa na saa ngapi za kazi.

Kwa hiyo wakikuonesha mstari huo usizimie. Uliza: tukio hili ni la lini? Linganisha saa za injini siku ya tukio na siku ya kunoki. Injini iliyopita kikomo kwa sekunde mbili, kisha ikafanya kazi miezi mitano bila shida, haijathibitishwa kufa kwa sababu hiyo. Uliza pia alama ziko wapi. Mzunguko ukipita kiasi, valvu huchelewa kurudi na kugongana na pistoni, na chuma kikigonga chuma huacha alama kwenye kichwa cha pistoni, au kukunja valvu na fimbo zake. Zikiwapo, na tukio ni la dakika chache kabla ya kuzima, umeshindwa; hifadhi fedha zako. Zisipokuwapo, mwambie mhandisi aandike hivyo wazi, kwa picha za pistoni zote.

Hoja ya mafuta machafu ni nyepesi kusema na ngumu kuthibitisha, kwao na kwako. Tanzania inaweka vinasaba kwenye mafuta tangu mwaka 2010, na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hupima vituoni kubaini yaliyochakachuliwa. Kinga yako ni risiti za EFD. Risiti inataja kituo, tarehe na lita, na mfululizo wake unaonesha gari lilikunywa wapi kutoka Dar mpaka mpakani. Pengo la lita mia tatu kwenye safari moja litaulizwa, na jibu lake ni dumu. Kisha tazama uharibifu wenyewe. Mafuta yenye maji au uchafu kwa kawaida hayachagui: pampu inakwaruzika na nozeli zote huonesha dalili. Ukikuta pistoni moja imetobolewa au kuyeyuka na nyingine tano ni safi, mshukiwa wa kwanza ni nozeli ya silinda ile, iliyokuwa ikidondosha mafuta badala ya kuyapuliza. Omba nozeli zote zipimwe kwenye benchi, mbele ya mtu wako, kabla hazijasafishwa.

Vumbi linawahusu zaidi wanaobeba mizigo ya migodini na ya barabara za changarawe. Hapa kuna swali ambalo watu hulisahau: vumbi lilipita wapi? Likipita kwenye filta iliyochanika kwa kupulizwa upepo mara kwa mara, ni juu yako. Likipita kwenye klampu iliyolegea ya hozi ambayo mafundi wa wakala ndio waliifungua walipobadilisha filta kwenye sevisi iliyopita, ni juu yao, na kadi ya kazi ya siku hiyo ndiyo itakayosema. Ndiyo sababu nilikutaka upige picha za klampu palepale barabarani.

Kuhusu uzito, tiketi za mizani zitakusemea. Chini ya sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, lori haliruhusiwi kuzidi tani 56 kwa jumla, na kutoka mizani ya Vigwaza mpaka ya Mpemba gari limepimwa mara kadhaa. Tiketi hizo watu huzitupa dirishani. Zitunze.

Sevisi sitaizungumzia sana kwa kuwa haina ujanja. Kama ulipitiliza kilometa, au ulitia oili ya daraja lisilotajwa kwenye kitabu, umeshika makali. Unaweza kujenga hoja kwamba kuchelewa kilometa elfu moja hakuvunji krenki, na mara nyingine hoja hiyo hukubalika, lakini usiitegemee. Na kama kuna mtu alikushauri uzime mfumo wa AdBlue au kuchezea kompyuta ili gari lipate nguvu, usipoteze nauli ya kwenda kwa wakala.

Karatasi uliyosaini siku ya kununua

Kitabu cha waranti husomwa siku ya msiba, wakati kilipaswa kusomwa siku ya ununuzi. Tafuta mambo manne humo.

Kwanza, kikomo. Waranti hutajwa kwa miezi na kwa kilometa, na inakoma kwa kile kinachotangulia. Piga hesabu yako. Dar es Salaam mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 2,000, kwenda na kurudi 4,000. Gari linalofanya safari mbili kwa mwezi linakula 8,000, maana yake waranti ya miaka miwili au kilometa 100,000 inakwisha mwezi wa kumi na tatu. Muuzaji aliyesisitiza "miaka miwili" hakusema uongo, ila alijua unakwenda wapi. Pili, kama waranti ya gari zima ni tofauti na ile ya injini, giaboksi na difu. Mara nyingi hizo hupewa muda mrefu zaidi, na mwenye gari anaweza kukata tamaa mapema bure. Tatu, mipaka ya nchi: je, gari likifia Ndola au Kolwezi, wakala wa kiwanda kilekile aliye huko atalipokea kwa waranti hii? Nne, waranti inaanza lini: siku uliyokabidhiwa au siku gari lilipotoka kiwandani? Lori lililokaa yadi miezi minane lina mengi ya kukuambia hapo.

Walioagiza lori jipya wenyewe kutoka Dubai au China bila kupitia wakala wa nchini wajue kwamba wakala huyo anaweza kulikataa, kwa sababu waranti nyingi hufungwa na soko ambalo gari liliuziwa. Kama ndivyo, mdaiwa wako ni aliyekuuzia kule. Ndiyo bei ya ule unafuu.

Tena, usihangaike na bima kwa jambo hili. Hata bima kubwa kwa kawaida haigusi injini iliyokufa yenyewe. Ni ya ajali, moto na wizi. Na waranti haigusi mapato uliyopoteza, faini za kuchelewesha mzigo wala rejesho la benki. Nenda benki wiki ya kwanza ukiwa na ripoti ya wakala mkononi, uombe ratiba ipangwe upya. Ukienda baada ya kukosa marejesho mawili, utapokelewa na afisa mwingine.

Wakikubali

Kukubali si mwisho. Kiwanda kina hiari ya kutengeneza badala ya kubadilisha, na kwa kawaida kitatengeneza. Uliza kinachotengenezwa ni nini hasa: injini kamili mpya, bloku na krenki bila vifaa vya juu, au hii hii inachongwa na kurudishiwa? Uliza spea zinakuja kwa ndege au kwa meli, na tofauti ya nauli analipa nani. Wiki mbili na miezi mitatu si kitu kimoja kwa mtu mwenye mkopo.

Halafu kuna jambo la kiufundi ambalo nakusihi usiliachie. Metali zikiliwa, vipande vyake husambaa na oili mwilini mwa injini nzima. Vinakwenda kwenye kipoza oili, kwenye tabo, kwenye paipu zote. Ukiweka krenki mpya na kuacha kipoza oili cha zamani, vipande vilivyojificha humo vitatoka siku injini ikipata moto, na utanoki tena kabla hujamaliza safari ya pili. Kipoza oili kibadilishwe. Tabo ifunguliwe ikaguliwe. Paipu zisafishwe. Yaandikwe kwenye kadi ya kazi, si kwa mdomo. Na chanzo chenyewe kitajwe: ukiambiwa tu "tumebadilisha injini", hujaambiwa kilichoua ya kwanza.

Injini mpya ina namba mpya, na kadi ya gari ina namba ya zamani. Omba barua ya wakala inayoeleza mabadiliko, upeleke TRA kadi irekebishwe, na uwajulishe bima. Kabla ya kupokea gari, lijaribiwe na mzigo, si tupu kwenye barabara ya lami nyuma ya karakana. Uliza kwa maandishi kama injini mpya ina waranti yake au inamalizia siku zilizobaki za ile ya kwanza. Ikiwa gari lilisimama kwao miezi mitatu, omba miezi hiyo iongezwe; wengine hukubali kwa kuombwa tu.

Wakikataa

Usibishane kaunta. Dai kukataliwa kwa maandishi, pamoja na ripoti kamili, picha na matokeo ya maabara. Kukataa kwa mdomo hakuna rufaa. Ukishapata karatasi, mpe mhandisi wako aijibu hoja kwa hoja, kisha uandike kwa kiwanda chenyewe au ofisi yake ya kanda, ukimpa wakala nakala. Watengenezaji wengi wana fungu la hisani kwa madai yasiyotimiza masharti sawasawa: gari limepita kilometa kidogo, au chanzo hakijulikani vizuri. Wanaopata hisani hiyo ni wale wenye kumbukumbu kamili za sevisi na wenye magari kadhaa ya chapa ileile. Sema kama unayo. Sema pia kama ulikuwa na mpango wa kununua mengine.

Chukua vipuri vyote vilivyotolewa, nozeli, metali, pistoni, hata bolti zilizokatika, uvifungie kwenye sanduku. Ni vielelezo. Kama kitabu kinasema spea zilizotolewa ni mali ya kiwanda, hilo huhusu dai lililokubaliwa, ambapo kiwanda kimelipia mpya. Lililokataliwa, vitu ni vyako. Gari pia litoe yadi yao mapema, kabla gharama ya maegesho haijaanza kuhesabiwa.

Sheria haikukuacha mikono mitupu. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya sheria za Tanzania, kinaweka sharti la ubora unaostahili kuuzika kwa bidhaa iliyonunuliwa kwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo, na Kenya ina sharti la namna hiyo kwenye Sura ya 31 ya sheria zake. Haki hiyo ni tofauti na waranti, na anayedaiwa ni muuzaji. Ila masharti ya mkataba yanaweza kuiondoa au kuipunguza, kwa hiyo wakili ausome mkataba kwanza, aangalie pia kama mlikubaliana kwenda kwa msuluhishi badala ya mahakamani. Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko ya walaji, hasa pale ulipouziwa kwa maelezo ya kupotosha. Dai la mkataba Tanzania lina ukomo wa miaka sita, lakini kukaa kimya na gari bovu kwa muda kunaweza kuhesabiwa kuwa umelikubali lilivyo, kwa hiyo barua ya malalamiko iende mapema hata kama kesi utaifikiria baadaye.

Mara nyingi, kati ya kukubali na kukataa, utaletewa nusu: kiwanda kinatoa spea, wewe ulipe ufundi, au mgawane. Kama ripoti ya mhandisi wako inaonesha kasoro ya kiwanda bila shaka, shikilia vyote. Kama inasema chanzo hakijathibitika, ichukue nusu hiyo na gari lirudi kazini, kwa sababu kesi ya miaka miwili haitakulipia miaka miwili ya lori lililosimama juu ya mawe. Kabla ya kusaini makubaliano hayo, hakikisha hayana sentensi inayosema injini ilikufa kwa uzembe wako. Sentensi hiyo itatolewa siku giaboksi nayo ikigoma.